Jinsi ya kutafuta na kupima dawa za kansa kwenye mimea bila namba kukudanganya

Nianze na kosa lililonila miezi minne. Nilikuwa na ekstrakti ya majani fulani, yaani vitu vilivyovutwa kwenye majani kwa kiyeyushi, nikaiweka kwenye seli za kansa, nikapima kwa MTT, kemikali ya njano ambayo seli hai zinaigeuza zambarau, majibu yakatoka kwamba kadri ninavyoongeza dozi ndo rangi inazidi kukolea, maana yake seli zinazidi kuwa hai, nikasema huu mmea hauna kitu nikauweka pembeni. Kumbe seli zilikuwa zimekufa zote! Siku nilipokuja kuangalia pleti, ile sahani ya vishimo vidogo ninamopimia seli, kwa mikroskopu nikaziona zinaelea, zimejikunyata kama vumbi. Polifenoli za kwenye majani, kemikali za jamii ya tanini, zenyewe zilikuwa zinaigeuza MTT kuwa zambarau bila msaada wa seli yoyote, na mimi sikuwa nimeweka vishimo vya ekstrakti peke yake bila seli. Vishimo vitatu tu vingeniokoa.

Kwaiyo hapa naeleza kazi nzima toka shambani mpaka namba ya mwisho, ila macho yangu yatakuwa zaidi kwenye zile sehemu ambazo namba inakudanganya we unaona umepata. Mashine mtu anaweza kufundishwa kwa wiki moja, hizi sehemu nyingine ndo zinachukua miaka.

Kwanza uchague mmea gani. Kuna njia tatu watu wanatumia. Unaweza kuokota mimea mingi bila kuchagua ukaipima yote, unaweza kufuata ukoo wa mimea ambayo tayari inajulikana ina kitu, au unaweza kufuata waganga na wazee wanaotumia mitishamba. Zote zimewahi kuzaa matunda. Mti wa Taxus brevifolia ulichumwa mwaka 1962 kule Marekani kwenye mpango wa kuokota mimea mingi tu, magome yake yakaenda kwa Monroe Wall na Mansukh Wani, wakaitoa paklitakseli, dawa ya kansa, umbo lake likachapishwa 1971 na ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa 1992, yaani miaka 30 toka kuchumwa. Vinka nayo, Catharanthus roseus, watu waliiendea kwa sababu ilisifika kwa kisukari, Robert Noble na Charles Beer kule Kanada wakawapa panya, sukari haikushuka ila chembe nyeupe za damu zikashuka vibaya sana, na hapo ndo vinblastini, nayo dawa ya kansa, ikapatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Angalia hapo walichofanya: hawakupata walichokitafuta ila walikiona kilichotokea wakakifuata.

Ukifuata tiba za asili usiulize tu "dawa ya kansa ni ipi", manake kansa nyingi za ndani hazikuwa zinajulikana kwa jina hilo, na siku hizi ukiuliza hivyo utatajiwa kila jani. Uliza nini kinatumika kwa uvimbe usiopungua, kidonda kisichofunga, chunjua, minyoo, au mmea gani una sumu na unaogopwa. Utomvu wa Podophyllum ulikuwa unapakwa kwenye chunjua, na kutoka kwenye podofilotoksini ya mmea huo ndo ikatengenezwa etoposidi, dawa ya kansa inayotumika hospitali mpaka leo. Mmea unaogopwa mara nyingi una cha kusema zaidi kuliko mmea unaosifiwa kwa magonjwa 40.

Na kabla hujachuma jani moja, pata ruhusa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi Oktoba 2014, unataka mgao wa faida kwa wenye mmea na wenye ujuzi wake, kwaiyo kaa na mzee aliyekuonyesha mkubaliane mapema na muandikiane. Hili silisemi kama utaratibu wa karatasi tu. Ni haki yake kabisa, ujuzi wake umekufupishia njia ya miaka.

Sasa kuchuma. Jina la kienyeji halitoshi, jina moja linaweza kubeba spishi tatu, na spishi moja ikawa na majina matano. Kata tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, likandamize kwenye magazeti likauke, lipeleke herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, mtaalamu alitambue na alipe namba. Namba hiyo utaiandika kwenye kila ripoti. Bila hiyo, mtu akirudia kazi yako akakosa majibu hakuna anayeweza kujua kama umekosea wewe, amekosea yeye, au mlichuma mimea miwili tofauti. Andika pia tarehe, mahali, saa, sehemu ya mmea, na kama ulikuwa unatoa maua au la, kwa sababu kiasi cha kemikali kinabadilika na msimu na umri, na mti mmoja unaweza kupishana na jirani yake.

Anza na majani na vijiti kabla ya magome na mizizi. Ukibandua gome kuzunguka shina lote mti unakufa. Kwa paklitakseli watu walikuwa wanaua mti kwa ajili ya gome, mpaka ilipokuja kugundulika kwamba majani ya Taxus baccata yana dutu ya jamaa yake, 10-deasetilibakatini III, ambayo unaichuma, mti unachipua tena, halafu unamalizia paklitakseli maabara. Kwaiyo majani yapime hata kama mzee amekwambia dawa iko kwenye mzizi, utapima vyote ulinganishe.

Kukausha ni kivulini, tabaka jembamba, hewa ipite, ugeuze kila siku. Ukitumia oveni usipite nyuzi 40. Jua kali linaharibu baadhi ya dutu, alkaloidi za vinka kwa mfano, zile kemikali zenye naitrojeni kama vinblastini, hazipendi mwanga. Ila kosa baya kuliko jua ni kukausha polepole mno kwenye unyevu mpaka ukungu unaota, manake ukungu unatoa sumu zake, hizo sumu zitaua seli vizuri tu, we utauandikia mmea sifa ambayo si yake. Majani yenye harufu ya uvundo tupa, usisikitike.

Ukishasaga unga, pima unyevu uliobaki: chukua gramu 2, weka oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usimame, tofauti ndo maji. Huu unga uliouchoma hautumii tena, ni wa kupata asilimia tu. Watu wengi wanairuka hatua hii afu mwishoni wanalinganisha unga wenye maji asilimia 5 na mwingine wenye 12, hapo unalinganisha maji.

Kuloweka sasa. Kwa mara ya kwanza mi naenda na metanoli au ethanoli ya asilimia 80, kwa sababu inavuta vitu vingi, vya mafuta kiasi na vya maji kiasi. Gramu 100 za unga kwa lita 1, tikisa, saa 24, chuja, rudia mara tatu, changanya yote, ondoa kiyeyushi kwenye rotari ivaporeta, mashine inayozungusha chupa na kuvukiza kiyeyushi, maji ya bafu yasizidi nyuzi 40. Maji yanayobaki yagandishe uyakaushe kwa friza draya, mashine inayokausha kitu kikiwa kimeganda. Kama mmea unatumika kwa kuchemshwa, basi tengeneza na ya maji ya moto pembeni, manake inawezekana unachokivuta kwa metanoli mgonjwa hajawahi kukinywa hata siku moja. Fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa glavu, na viyeyushi kama klorofomu visiguse plastiki, tumia glasi. Plastiki inaachia vilainishi vyake, na kuna watu wameshatenganisha kwa miezi wakafika mwisho wakakuta "dutu mpya" yao ni kilainishi cha chupa.

Pima ulichopata. Ukipata gramu 12 kavu kutoka gramu 100 za unga, mavuno ni asilimia 12. Andika. Namba hii ndogo utaihitaji baadae ukitaka kurudi kutoka kwenye ekstrakti kwenda kwenye jani.

Halafu weka kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia, ya kiyeyushi: pitisha metanoli ile ile bila mmea kwenye hatua zile zile zote, ukaushe, ukipime kilichobaki kwenye seli. Kikiua seli, tatizo liko kwenye chupa yako.

Haya, seli. Kuna wanaoanza na vijidudu vya Artemia, vile vya maji chumvi, ukiweka ekstrakti vikifa nusu chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita unasema kuna sumu. Ni rahisi na hakuhitaji chumba cha seli, ni sawa kwa kuchuja mimea mingi kwa haraka, ila usiandike neno kansa kwa sababu ya vijidudu vya maji.

Kwenye seli zenyewe, kabla ya kitu chochote hakikisha seli ni zile unazodhani. HeLa, ambazo zinatokana na Henrietta Lacks mwaka 1951, zinakua kwa kasi mno na zimevamia chupa za maabara nyingi duniani, mtu anadhani anafanyia kazi seli za ini kumbe ni HeLa. Kuna kipimo cha DNA cha kuthibitisha, kinaitwa STR, fanya. Na pima mikoplasma, hawa bakteria huwaoni kwa mikroskopu ya kawaida, chupa inaonekana safi kabisa, ila wanavuruga majibu ya MTT.

Mpangilio ninaotumia ni huu. Pleti ya vishimo 96, seli 5,000 kila kishimo ndani ya mikrolita 100, unaziacha saa 24 zishike chini. Vishimo vya pembeni kabisa usiviwekee seli, jaza maji safi tu kwa sababu vinakauka haraka na majibu yake yanayumba. Ekstrakti unaiyeyusha kwenye kiyeyushi kinachoitwa DMSO iwe miligramu 20 kwa mililita, ukiipunguza mara 200 inakuwa mikrogramu 100 kwa mililita na DMSO inabaki asilimia 0.5, usizidishe hapo manake DMSO yenyewe inaanza kuumiza seli. Kisha unashuka nusu nusu: 100, 50, 25, 12.5, 6.25, 3.125, na DMSO iwe sawa kwenye dozi zote. Iache saa 72.

Baada ya hapo MTT ya miligramu 5 kwa mililita, mikrolita 10 kila kishimo, saa 3 hadi 4 kwenye inkubeta, kabati la joto la seli, unatoa maji ya juu polepole sana (hapa ndo watu wanafyonza na fuwele zao wanatupa), unaweka DMSO mikrolita 100 iyeyushe fuwele za zambarau, unasoma kwenye nanomita 570, mashine inakupa namba ya ukolevu wa rangi.

Kontroli zako: vishimo vya chakula cha seli tupu bila seli, seli bila dawa, seli na DMSO tu, seli na dawa ya kansa ambayo tayari inajulikana, mfano doksorubisini, na ile niliyoisahau mimi, ekstrakti bila seli kwa kila dozi, sio dozi moja. Kila unaposoma, toa rangi ya ekstrakti peke yake kwanza. Mfano seli na DMSO zimesoma 0.95, chakula tupu kimesoma 0.05, vishimo vya dozi fulani vimesoma 0.41 na ekstrakti yake bila seli imesoma 0.05 pia. Seli hai ni 0.36 gawa kwa 0.90, asilimia 40. Kama ekstrakti peke yake ingesoma 0.30, seli hai ingekuwa 0.11 gawa kwa 0.90, asilimia 12 hivi, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Ukiona rangi ya ekstrakti peke yake ni kubwa hivyo, achana na MTT, nenda SRB, ile inayopaka rangi protini za seli baada ya kuzigandisha na asidi na kuosha, hiyo haijali polifenoli. Na kabla ya kuweka MTT yoyote angalia pleti kwa macho kwenye mikroskopu, dakika kumi tu. Jicho lako nalo ni kipimo.

Vishimo vitatu kwenye pleti moja sio majaribio matatu. Ni jaribio moja ulilolirudia kwa mkono. Majaribio matatu ni siku tatu tofauti, seli zilizopandwa upya, dozi zilizotengenezwa upya. Najua inachosha, najua seli ni ghali na muda hautoshi, lakini ukikusanya vishimo tisa vya siku moja ukaviita tisa, mstari wako wa makosa utakuwa mfupi na wa uongo.

Kutoka hapo unachora mchoro wa dozi kwa seli hai na kupata IC50, dozi inayopunguza seli hai mpaka nusu. Tumia programu inayochora mchirizi wenye umbo la S, usiunganishe nukta mbili kwa rula. Kipimo kilichozoeleka toka kwenye taasisi ya kansa ya Marekani, NCI, ni kwamba ekstrakti ghafi inastahili kufuatwa ikiwa IC50 iko chini ya mikrogramu 30 kwa mililita, wengi wanakaza mpaka 20, na dutu safi inatakiwa iwe chini ya 4. Ukipata 250 usilazimishe kuandika kwamba mmea una "uwezo mkubwa". Hauna, kwa seli hizo, kwa ekstrakti hiyo. Nenda mmea mwingine.

Ila hata 8 haikupi ruhusa ya kushangilia. Sabuni nayo inaua seli za kansa. Mimea mingi ina saponini, ambazo ni kama sabuni, zinapasua utando wa seli yoyote inayokutana nazo. Dalili yake naijua sasa: seli zote, za kansa na zisizo za kansa, zinakufa kwenye dozi ile ile na zinakufa haraka, ndani ya saa moja au mbili zimeshapasuka. Weka ekstrakti kwenye chembe nyekundu za damu zilizooshwa, zikipasuka umepata jibu. Ndio maana lazima uwe na seli za kawaida pembeni, kama Vero (za figo ya nyani) au MRC-5 (za mapafu ya mtu), ugawe IC50 yao kwa IC50 ya seli za kansa. Vero 90 gawa kwa HeLa 15 inakupa 6, hapo kuna tofauti ya kufuatilia. Ukipata 1, ni sumu tu isiyochagua.

Nitulie hapa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaumia. Kuna mtu atasoma kwamba ekstrakti inaua seli za kansa akamchemshia mama yake majani. Tafadhali usifanye hivyo na usiruhusu kazi yako itumike hivyo. Vinkristini inayotoka kwenye vinka, hospitali kwa kawaida hawazidishi miligramu 2 kwa dozi moja kwa mtu mzima, wanaichoma kwenye mshipa na wanaangalia neva zake, manake ikizidi kidogo inaharibu. Kwenye majani iko kidogo sana, unahitaji kilo nyingi mno za majani makavu kupata gramu moja tu, na kiasi hakilingani jani hadi jani. Kikombe cha chai ya vinka hakina namba. Kwenye pleti kuna seli zilizolala chini ya maji, hakuna ini, hakuna figo, hakuna tumbo la kuivunja dawa kabla haijafika.

Turudi kazini. Ekstrakti imefanya vizuri, sasa unataka kujua ni nini ndani yake. Kuna maelfu ya dutu humo, huwezi kuzitoa zote, unafuata uuaji: unagawa, unapima kila fungu kwenye seli, unaacha yaliyolala unafuata linaloua, unagawa tena. Mgao wa kwanza ni wa viyeyushi. Yeyusha ekstrakti kwenye metanoli ya asilimia 90, tikisa na heksani, mafuta na kijani cha majani kinaenda huko, ongeza maji, tikisa na diklorometani, halafu etili asetati, halafu butanoli. Pima uzito wa kila fungu na ujumlishe, jumla ikaribie ulichoanza nacho. Kama unashuku alkaloidi, kuna njia ya mkato nzuri: yeyusha kwenye maji yenye asidi kidogo, osha na kiyeyushi cha mafuta, halafu ongeza amonia mpaka pH ifike 9 au 10 uvute na klorofomu. Alkaloidi nyingi zitavuka zenyewe.

Tandaza mafungu kwenye pleti ya silika ya TLC, kipande chembamba ambacho kiyeyushi kinapanda kikitenganisha dutu, angalia chini ya taa ya nanomita 254 na 365, nyunyizia dawa ya rangi ya Dragendorff, machungwa maana yake labda alkaloidi, nyingine nyunyizia vanilini na asidi ya salfuriki uichome kidogo uone terpenoidi zinavyotoa rangi zambarau na bluu, ferikloridi kwa fenoli. Hii ni kazi ya senti kwa faida ya siku nyingi, lakini usiandike kwamba "mmea una alkaloidi, tanini, saponini na flavonoidi" ukaishia hapo, karibu kila mmea unazo hizo, umeandika kwamba mmea ni mmea.

Kabla hujajaza kolamu ya kwanza ya silika, yaani bomba la kutenganishia dutu, peleka fungu linaloua kwenye LC-MS, mashine inayotenganisha dutu na kuzipima uzito wa molekuli, upate uzito wa dutu zilizomo ulinganishe na zinazojulikana. Paklitakseli inaonekana kwenye 854, vinblastini 811, vinkristini 825, kamptotesini 349, hizi ni baada ya kubeba protoni moja. Ukikuta kwesetini, asidi ya ursoliki au asidi ya galiki, umekutana na wenyeji, wako kwenye mimea kibao na wameshaandikwa sana. Halafu baadhi yao, kwesetini ikiwemo, na kurkumini ya manjano, zina tabia ya kuonekana zinafanya kazi kwenye kila kipimo, zinashika protini ovyo, zinabadilisha oksijeni, zinang'aa kwenye mwanga wa mashine. Sisemi hazina thamani, nasema jibu lao la kwanza usiliamini mpaka ulione kwa njia nyingine isiyotumia rangi.

Wakati mwingine unagawa uuaji unapotea, kila fungu limelala. Hapo inawezekana dutu imeharibika, imeganda kwenye silika haitoki, au zilikuwa mbili zinasaidiana. Rudisha mafungu yote pamoja kwa uwiano wake wa mwanzo uyapime. Uuaji ukirudi, zinasaidiana, usipotee njia. Usiporudi, kuna kitu ulikipoteza njiani, rudi hatua moja nyuma. Ukipata dutu safi miligramu kadhaa, NMR, mashine ya sumaku inayoonyesha atomi zilivyopangika, ndo inakupa umbo lake, hiyo mpelekee mwenye mashine na ukae nae wakati wa kusoma.

Sasa kupima kiasi. Hapa unahitaji standadi, yaani dutu safi ile ile uliyonunua au uliyoitenganisha, na usafi wake uujue. Kama chupa imeandikwa asilimia 95, miligramu 10 ulizopima ni 9.5, usisahau. Mashine ni HPLC, inayotenganisha dutu ndani ya kolamu na kuchora kilele kwa kila moja inapotoka, kolamu ya C18 ya milimita 250 kwa 4.6, maji yenye asidi ya fomiki asilimia 0.1 pamoja na asetonitrili, mililita 1 kwa dakika, sampuli ipite kwenye chujio la mikromita 0.45. Nanomita chagua kwa dutu yako, paklitakseli watu wanasoma 227, ambako kila kitu kinaonekana na uchafu pia, kwaiyo lazima itengane vizuri na majirani.

Tengeneza ngazi 5 au 6 za standadi, ziwe juu na chini ya kiasi unachotegemea, chora mstari. Tuseme umepata eneo sawa na 42.5 mara kiwango jumlisha 3.1. Umeloweka gramu 2.00 za unga, umefikisha mililita 50, kilele cha sampuli kina eneo 258.1. Toa 3.1 inabaki 255, gawa 42.5 unapata mikrogramu 6 kwa mililita, mara 50 ni mikrogramu 300, gawa gramu 2 ni mikrogramu 150 kwa gramu, asilimia 0.015. Lakini unga ulikuwa na maji asilimia 8, kwaiyo mmea mkavu hasa ulikuwa gramu 1.84, na jibu la kweli ni 163. Umeona ile oveni ya nyuzi 105 ilivyorudi.

Halafu jiulize kama umevuta yote. Chukua unga ule ule, uongezee kiasi unachokijua cha standadi kabla ya kuloweka, pitisha njia nzima, uone umerudishiwa asilimia ngapi. Ukirudishiwa 60, njia yako inapoteza karibu nusu, na kila namba uliyoandika iko chini. Loweka pia mara ya nne yale makapi uliyodhani yameisha, usome. Kiwango cha chini unachoweza kukitaja kwa uhakika ni 10 mara kuyumba kwa mashine gawa kwa mwinuko wa mstari wako, chini ya hapo andika kwamba ipo lakini haipimiki, usibuni desimali.

Kilele kutokea dakika ile ile na standadi hakutoshi. Linganisha jinsi inavyofyonza mwanga mwanzo, kati na mwisho wa kilele, na uzito kwenye MS, ile sehemu ya LC-MS inayopima uzito. Vitu viwili vinaweza kutoka dakika moja bila kujuana.

Na ujue tabia ya dutu yako. Kamptotesini ni mfano ninaoupenda kuufundisha, inatoka Camptotheca acuminata, Wall na Wani tena, 1966. Ina pete ya atomi inayoitwa laktoni, na hiyo pete ikiwa imefunga ndo inafanya kazi, kwenye asidi inakaa imefunga, pH ikipanda inafunguka. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwaiyo wagonjwa wa kwanza walipewa chumvi ya sodiamu, ambayo ni pete iliyofunguliwa, ikawa dhaifu na ikawaumiza kibofu, kazi ikasimama kwa miaka. Baadae ilipoeleweka inashika kimeng'enya cha topoisomerasi I, ndo zikaja topotekani na irinotekani. Sasa we ukiiloweka kwenye kiyeyushi chenye alkali ukasoma kilele kimoja, unaweza kuwa umepima nusu yake, na nusu nyingine iko dakika tatu kabla unaiita uchafu. Tumia asidi, soma kwa fluoresensi, yaani mwanga inaoutoa ikimulikwa, ambako inang'aa vizuri, angalia vilele vyote viwili.

Kwenye ripoti andika mikrogramu kwa gramu ya mmea mkavu, sehemu ya mmea, mwezi, namba ya herbaria, kiyeyushi, IC50 pamoja na saa ulizoacha dawa na idadi ya siku ulizorudia, na majibu ya seli za kawaida hata kama yanakuvunja moyo. Unga uliobaki gawa kwenye chupa ndogo za kahawia, funga, weka friza nyuzi 20 chini ya sifuri, andika kwa penseli isiyofutika na ethanoli, kwa sababu msimu ujao utachuma tena mti ule ule, namba itatofautiana, na utataka kujua kama aliyebadilika ni mti au ni wewe.